Kisima na Hori

Ruhusa ni neno fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Mwenye kuitoa huitamka mara moja, na mwenye kuipokea aweza kuitumia mara elfu. Mtu akimwambia jirani yake, "Pita shambani mwangu," amempa njia. Akimwambia, "Chukua utakacho," amempa shamba. Tofauti ya maneno haya mawili yajulikana na kila mtoto aliyelelewa vyema. Walakini mtu yule yule, akiketi mbele ya kompyuta au akishika simu mkononi, hutoa ruhusa ya namna ya pili kwa wepesi wa kugusa kioo mahali palipoandikwa "Kubali". Nataka tuzitazame ruhusa hizo: jinsi zilivyo, jinsi zilivyoanza, na sababu inayompasa kijana wa leo kuzipima kabla ya kuzitoa.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Kitui, nikajifunza kazi yangu katika chuo cha ualimu, na sasa nafundisha Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Sehemu hizi mbili ni za ndugu, na zote mbili zajua thamani ya maji. Miezi mingi ya mwaka mito yetu, kama Nzeeu na Tiva upande wa Kitui, au Kaiti upande wa Makueni, huonekana mikavu, kumbe maji yamejificha chini ya mchanga. Watu huchimba visima humo mchangani, huvizungushia ua wa miiba, na huchota maji kwa kata. Mgeni akija na mifugo yake wakati wa kiangazi hafukuzwi, maana kumnyima mtu maji ni aibu. Lakini ng'ombe wake hawaingii kisimani. Maji huchotwa, yakamiminwa katika hori nje ya ua, na ng'ombe wakanywa hapo. Kiu ya mgeni hukatwa, na kisima hubaki safi kwa watu wote wanaokitegemea. Sijapata mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kazi ya kivinjari.

Kivinjari ni ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti. Hapo mwanzo ukurasa wa intaneti ulikuwa kama ukurasa wa kitabu: mtu aliusoma, akautazama, akaufunga. Leo kurasa nyingi ni programu kamili. Ndani ya kivinjari mwalimu huandikisha wanafunzi wake, mzazi hulipia huduma za serikali kwa njia ya eCitizen, mfanyabiashara huandika hesabu zake, na mwanafunzi hufanya zoezi lake la hisabati. Kila ukurasa wa namna hii huleta amri zilizoandikwa na mtu ambaye pengine hutamwona maishani mwako, na amri hizo hutekelezwa ndani ya kompyuta yako, karibu na barua zako, picha zako na siri zako. Huyo ni mgeni aliyeingia na ng'ombe wake.

Kwa sababu hiyo waliounda vivinjari walijenga ua. Mwaka 1995 kivinjari cha Netscape kilianza kufuata kanuni kwamba ukurasa uliotoka kwa mwenyewe mmoja usiweze kusoma mambo ya ukurasa uliotoka kwa mwingine. Kivinjari cha Chrome, kilichotolewa mwaka 2008, kiliongeza ukuta kati ya kurasa na kompyuta yenyewe. Wahandisi huuita ukuta huo sanduku la mchanga, kwa mfano wa sanduku ambalo watoto wadogo huchezea mchanga bila kuchafua nyumba. Ukurasa uliomo sandukuni hauwezi kufungua faili zako upendavyo, wala kuwasha kamera, wala kusikiliza kwa kinasa sauti, wala kujua mahali ulipo, isipokuwa umeomba nawe umekubali. Hori limewekwa nje, na kisima kimezungushiwa miiba.

Lakini hori halitoshi kwa kila haja. Mwalimu anayefundisha kwa video hana budi kufunguliwa kamera. Ramani haiwezi kukuongoza hatua kwa hatua njiani kutoka Wote kwenda Kitui bila kujua uko wapi. Kuna kazi nyingine za ofisi ambazo zahitaji kuandika faili katika kompyuta au kuzungumza na mashine ya kuchapisha. Hapo ndipo programu iliyomo kivinjarini huomba uwezo uliozidi ule wa kawaida. Kuomba huko si kosa. Daktari naye humwomba mgonjwa avue shati, na mgonjwa hakasiriki, maana ajua kifua hakisikiki vizuri juu ya koti. Ila daktari wa meno akimwomba mgonjwa avue viatu, mgonjwa ana haki ya kuuliza sababu.

Historia yatuonyesha kilichotokea watu walipoacha kuuliza. Mwaka 1996 kampuni ya Microsoft ilileta ufundi ulioitwa ActiveX, ambao uliwezesha ukurasa kuleta programu kamili na kuiendesha kwa uwezo wote aliokuwa nao mwenye kompyuta. Sanduku la mchanga halikuwapo. Palikuwa na cheti cha kumtaja mtengenezaji wa programu, na swali moja: wakubali au hukubali? Mapema mwaka 1997 wanachama wa Chaos Computer Club, chama cha mafundi wa kompyuta cha Ujerumani, walionyesha katika televisheni jinsi swali hilo lilivyokuwa dhaifu. Walitengeneza ukurasa ambao, mtu akiufungua na kukubali, uliitafuta katika kompyuta yake programu ya hesabu za fedha iitwayo Quicken, ukaingiza humo amri ya kuhamisha fedha. Hawakuhitaji kuiba nywila ya benki. Amri ile ilikaa kimya pamoja na amri halali, ikingoja mwenyewe atume malipo yake ya kawaida. Naye angeituma kwa mkono wake mwenyewe, kwa nywila yake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Ufundi wa Java, uliotoka mwaka 1995, ulikuwa na hadhari zaidi. Programu zake ndogo za kivinjarini zilifungiwa sandukuni tangu mwanzo. Lakini ofisi nyingi zilitaka programu hizo zifanye kazi kubwa, na tangu mwaka 1997 programu iliyotiwa sahihi ya mtengenezaji iliweza kutoka sandukuni, mtumiaji akikubali. Miaka ikapita, na ofisi duniani kote zikazoea kuwaambia watu wakubali. Januari 2013 hatari ilikuwa imezidi hata serikali ya Marekani ikawashauri wananchi wazime Java katika vivinjari vyao. Mwaka uliofuata watengenezaji walikaza masharti: programu zisizo na sahihi inayoaminika zilizuiwa, na mtu aliyekuwa na haja ya lazima aliweza kuandika anwani ya ukurasa mmoja katika orodha maalumu ya kurasa alizozifungulia njia.

Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, na nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu katika duka moja la saiba mjini Kitui. Palikuwa na fomu ya maombi iliyopaswa kujazwa katika ukurasa wa ofisi fulani, na ukurasa huo haukufunguka bila Java. Watu walikuwa wamepanga foleni. Kijana mhudumu alikuwa mpole na mwenye bidii. Kila mara kompyuta ilipomzuia, wateja walinung'unika. Mwishowe akaingia katika mipangilio, akashusha kipimo cha usalama mpaka chini kabisa, akasema, "Sasa haitatusumbua tena." Kweli haikusumbua. Fomu zilijazwa, na foleni ikaisha kabla ya saa sita.

Tazama sasa alichokifanya. Haja ilikuwa ya ukurasa mmoja, naye akafungua kurasa zote za dunia. Haja ilikuwa ya asubuhi moja, naye akaacha mlango wazi usiku na mchana. Tena kompyuta ile iliendeshwa kwa jina la msimamizi mkuu, yaani mwenye uwezo wa kubadili kila kitu, kwa hiyo mgeni ye yote aliyeingia aliingia na mamlaka ya mwenye nyumba. Haikupita mwezi kabla kompyuta ile haijajaa matangazo na programu ambazo hakuna aliyezileta. Mwenye duka hakuwa na la kufanya ila kuifuta yote na kuanza upya. Ripoti za mazoezi ya kufundisha za wenzangu wawili, walizokuwa wamezihifadhi humo, zikapotea pamoja na uchafu. Wao hawakuwapo siku kipimo kiliposhushwa, na hakuna aliyewauliza.

Kivinjari cha Chrome kiliacha kabisa kupokea programu za Java mwaka 2015, na mwaka 2018 watengenezaji wa Java wenyewe waliiondoa sehemu hiyo. Internet Explorer, kivinjari kilichokuwa makao ya ActiveX, kilistaafishwa Juni 2022. Twaweza kudhani basi kwamba hadithi imekwisha. Haikwisha, imebadili nguo. Leo tuna viendelezi vya kivinjari, ambavyo baadhi yake huomba kusoma na kubadili kila kitu katika kila ukurasa unaoufungua, pamoja na ukurasa wa benki. Tuna kurasa zinazoomba kukutumia taarifa, kisha zikakumwagia ulaghai usiku kucha. Tena tuna programu za simu, ambazo hazimo kivinjarini, lakini huuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile la haraka.

Jioni moja, miaka michache iliyopita, nilipokea ujumbe kutoka nambari nisiyoijua. Uliniambia kwamba mwalimu mwenzangu, akatajwa kwa jina lake, ni mdaiwa asiyelipa, na kwamba nimwonye kabla hajachukuliwa hatua. Sikuwa nimemdhamini wala sikujua deni lake. Asubuhi chumbani mwa walimu nilikuta kila mtu amepata ujumbe huo huo: mwalimu mkuu, mhasibu, hata mpishi. Baadaye ilijulikana kwamba wazazi wa wanafunzi, shemeji zake na mzee wa kanisa lake waliupata pia. Mwenzetu alikuwa amekopa fedha kidogo kwa programu ya simu mama yake alipolazwa. Programu iliomba kuyaona majina yote yaliyomo katika simu yake, akakubali, maana bila kukubali hakuna mkopo. Alipochelewa kulipa, majina yale yakageuzwa kiboko. Kwa juma zima hakula nasi chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, na kicheko chake kilichukua muda mrefu kurudi.

Nilijiuliza wakati ule: nani alitoa nambari yangu? Jibu ni kwamba aliitoa mtu niliyempa kwa urafiki, kwa kubonyeza neno moja akiwa katika dhiki. Hili ndilo jambo ambalo mifano ya wizi wa fedha haituonyeshi sawasawa. Ruhusa tunayoitoa mara nyingi haihusu mali yetu peke yetu. Simu ya mtu ina nambari za jamaa zake, picha za watoto wa dada yake, na maneno ambayo rafiki alimwambia kwa siri. Kisima si cha mchotaji mmoja. Akimwacha mgeni aingize ng'ombe ndani ya ua, wanaokunywa tope ni kijiji kizima.

Sheria za nchi yetu zimeliona jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na yakataza habari za jamaa yake au mambo yake ya siri kutakwa au kufichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka habari zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajiwa na kazi, na yataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari, ya wazi, na ya mtu aliyeelezwa. Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka 2020. Septemba 2023 ofisi yake iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho. Wakati huo huo iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi wao. Mwaka ule ule Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kugusa majina na picha zilizomo katika simu za watu.

Pengine msomaji atasema, "Mwalimu, hayo ni mema kwa mwenye nafasi ya kuchagua. Mwenye shida hachagui." Ni neno la haki, nami silipingi. Mwenzetu alikuwa na mama hospitalini. Kumwambia mtu mwenye kiu apime masharti ya maji ni rahisi kwa aliyekwisha kunywa. Ndiyo maana sheria haikutosheka na neno "nimekubali", bali imeuliza pia kama aliyekubali alikuwa na hiari. Lawama ya kwanza ni ya mwombaji aliyeomba kupita haja yake. Lakini katika mambo mengi ya kila siku shida hiyo haipo. Hakuna mgonjwa hospitalini tunapoweka programu ya kuchezea, au kiendelezi cha kupamba kivinjari. Hapo haraka yetu ni ya uvivu tu, na uvivu hauna udhuru.

Darasani mwangu huwapa wanafunzi zoezi. Nawaambia watafute simu ya nyumbani, kwa idhini ya wazazi, wasome orodha ya ruhusa zilizotolewa, kisha waandike mbele ya kila ruhusa kazi inayoihitaji. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama akauliza, "Mwalimu, programu hii ni ya tochi, nayo yataka majina ya jamaa zangu. Je, yataka kwenda kuwamulikia?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka pia, lakini swali lake lilikuwa somo kamili. Siku ile wanafunzi walijifunza kwa kicheko jambo ambalo wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliliandika mwaka 1975: kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo mdogo kabisa unaotosha kumaliza kazi yake, usizidi hapo.

Kwa hiyo, unapoulizwa kama wakubali, nawe uulize maswali manne. La kwanza: ni nani aombaye? Soma anwani ya ukurasa herufi kwa herufi, maana wezi hupenda majina yanayofanana na ya watu wema. La pili: anachoomba kina uhusiano gani na kazi yake? La tatu: atakitumia kwa muda gani? Tangu mwaka 2020 simu za Android zinaweza kutoa ruhusa ya mara moja tu kwa kamera, kinasa sauti na mahali ulipo. Itumie, na kila baada ya muda tazama orodha ya ruhusa za zamani ukazifute zisizo na kazi. Ukiwa na kompyuta, usiifanyie kazi za kila siku kwa jina la msimamizi mkuu. Ukurasa mmoja ukihitaji kufunguliwa njia, ufungulie huo mmoja, kisha funga kazi ikiisha. La nne, ambalo husahauliwa kuliko yote: kinachoombwa ni cha nani? Kama ni cha mwingine, basi ridhaa yako haitoshi.

Tena nina neno kwa wale kati yenu watakaokuwa waombaji. Hapa Makueni, katika uwanda wa Malili, unajengwa mji wa teknolojia wa Konza, na tayari pana kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Baadhi ya vijana wanaosoma insha hii wataketi humo au mahali kama humo, wakiandika programu zitakazofunguliwa na mamilioni ya watu. Siku hiyo wao ndio watakaoamua ni maswali gani ya kuulizwa mama mkulima wa Mutomo au mchuuzi wa maembe wa Emali. Itakuwa rahisi kuomba kila kitu, kwa kuwa wengi watakubali bila kusoma. Mhandisi mwungwana huomba kinachotosha, hueleza sababu kwa lugha inayoeleweka, na hukirudisha akimaliza. Heshima ya fundi wa zama hizi itapimwa kwa mambo aliyoweza kuyachukua asiyachukue.